Mtoto mchanga mwenye zoloto laini: namna ya kumtazama, kumnyonyesha na kumlaza

"Mbona anakoroma na yuko macho?" "Ni mafua gani haya yasiyoisha?" "Hii si pumu kweli?" "Akilala, ataamka?" Kama mtoto wako ameanza kupumua kwa sauti katika wiki zake za mwanzo, bila shaka angalau swali moja kati ya hayo limeshakutoka. Mimi yalinitoka yote manne. Mwanangu alianza akiwa na siku tisa. Kila alipovuta pumzi ulisikika mlio mwembamba, kama wa kifaranga anayemwita mama yake, na nilipomlaza chali mlio ulipanda. Sasa ni mkubwa, anakimbia na kupiga kelele kama watoto wote. Wazazi wenzangu wananiuliza yale yale niliyouliza mimi, kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa mpangilio wa kufanyika.

Kabla ya yote shika jambo moja: ukubwa wa sauti haukuonyeshi ukubwa wa hatari. Yupo mtoto ambaye mlio wake unasikika chumba cha pili, na bado ananyonya, ananenepa na analala vizuri. Yupo mwingine ambaye sauti yake ni ndogo tu, lakini kifua kinabonyea na uzito haupandi. Huyo wa pili ndiye wa kukimbizwa kwa daktari. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inahusu kifua, rangi, kunyonya na uzito.

Ukiona haya, acha kusoma uende hospitali

Dalili hizi hazisubiri mapambazuko:

- Midomo, ulimi au ufizi umekuwa wa bluu au kijivu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usitegemee rangi ya uso, mfungue mdomo utazame ulimi na ufizi.
- Ameacha kupumua kwa zaidi ya sekunde 10, au kwa muda mfupi zaidi lakini akalegea au akabadilika rangi.
- Kifua kinabonyea kwa nguvu kila anapovuta pumzi, mabawa ya pua yanatanuka, au anaguna kila anapotoa pumzi.
- Hawezi kunyonya kabisa, au amelegea na kumwamsha ni kazi.
- Sauti imeanza ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima, hasa kama alikuwa na kitu kidogo mdomoni au mkononi.
- Ana homa ya nyuzi 38 au zaidi na hajafikisha miezi 3, au ana umri wowote lakini ana homa, anatokwa na udenda na hawezi kumeza.

Na hili wengi hawalijui: sauti ikizima ghafla huku mwili bado unapambana na pumzi, usidhani amepata nafuu. Huenda amechoka. Nenda.

Ni nini hasa kinachotoa sauti

Zoloto ni lile kasha dogo la gegedu juu ya koo la hewa, mahali sauti inapotoka. Kwa baadhi ya watoto sehemu yake ya juu, pamoja na kidakatonge kinachofunika njia ya hewa tunapomeza, inakuwa laini kupita kiasi. Fikiria pazia jepesi dirishani. Upepo ukivutwa kuingia ndani, pazia linavutwa nao, linapigapiga na kuziba nusu ya dirisha. Upepo ukitoka, pazia linajiondoa njiani. Ndiyo maana mtoto huyu hupiga mlio anapovuta pumzi, na anapoitoa unasikia kidogo tu au husikii kitu.

Madaktari wanaita hali hii laringomalasia. Ndiyo chanzo kinachoongoza cha mlio wa aina hii kwa watoto wachanga. Mtoto huzaliwa nayo, ingawa sauti mara nyingi husikika ndani ya wiki 2 za mwanzo. Huongezeka mpaka karibu na mwezi wa 6, kwa kuwa mtoto anakua na kuvuta hewa kwa nguvu zaidi, kisha hupungua taratibu. Wengi huwa wamepona wanapofikisha kati ya miezi 12 na 24. Si kosa la mama. Haikutokana na kitu ulichokula, namna ulivyolala ukiwa mjamzito, wala baridi iliyomwingia siku ya kuzaliwa.

Vitu vya kuwa navyo

Simu inayorekodi video yenye sauti. Saa inayoonyesha sekunde. Daftari moja tu, kwa sababu kumbukumbu zilizotawanyika kwenye karatasi tano hazimsaidii mtu. Mizani ya kliniki unayoweza kuifikia mara kwa mara, na iwe ile ile. Godoro gumu lililo bapa. Matone ya maji ya chumvi ya kusafishia pua ya mtoto. Kisha mtu wa pili anayejua kila unachokijua wewe, awe baba, bibi au dada, ili upate kulala.

Mwombe pia mhudumu wa afya akufundishe kwa mikono yake namna ya kumsaidia mtoto mchanga aliyepaliwa au aliyeacha kupumua. Ni somo la muda mfupi. Nililipata nikiwa nimechelewa, na siku nilipolipata ndipo nilipolala usingizi wa kwanza wa kweli.

Hatua ya 1: Sikiliza sauti inatoka wapi na lini

Chagua wakati mtoto ametulia, sogeza sikio karibu na mdomo wake, huku mkono wako ukiwa juu ya tumbo. Tumbo linapopanda anavuta pumzi, linaposhuka anatoa. Jiulize: mlio unakuja wakati gani?

Mlio mwembamba wakati tumbo linapanda, unaozidi akiwa chali, akilia, akinyonya au akichangamka, na unaopungua ukimbeba wima, ndio hasa wa zoloto laini. Sauti nzito ya makamasi, kama mtu anayekoroma puani, mara nyingi ni pua iliyoziba. Weka matone ya maji ya chumvi na usikilize tena baada ya dakika chache. Ikibadilika, umejua. Filimbi wakati tumbo linashuka inatoka chini zaidi, kifuani, na ina njia yake nyingine ya kuchunguzwa.

Sauti inayosikika kuvuta na kutoa pia, kilio dhaifu au chenye mkwaruzo, au sauti iliyoanza baada ya mtoto kuwekewa mpira wa kupumulia hospitalini: mwambie daktari mapema. Hayo yanaweza kuashiria nyuzi za sauti zisizocheza sawasawa au njia ya hewa iliyo nyembamba chini ya zoloto. Kama ana alama nyekundu iliyovimba kwenye ngozi ya kidevu, shingo au midomo, ambayo inakua, itaje pia. Alama kama hiyo huweza kuwa na mwenzake ndani ya njia ya hewa.

Hatua ya 2: Rekodi video itakayomsaidia daktari

Ukifika kliniki mtoto atatulia tuli. Hii hutokea karibu kila mara, na mzazi hubaki akiiga mlio kwa mdomo wake mwenyewe.

Video yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika nne. Ilionyesha uso mzuri wa mwanangu, taa ya njano na blanketi. Daktari aliitazama kwa upole kisha akaniuliza, "Kifua kiko wapi?" Sikuwa na jibu.

Fanya hivi. Mvue nguo mpaka kiunoni katika chumba chenye joto. Washa taa ya kutosha, zima redio na feni. Simama upande wake, simu ionyeshe kuanzia kidevu hadi kitovu kwa pamoja. Rekodi sekunde 30 hadi 60 akiwa amelala usingizi chali, nyingine akiwa amebebwa wima, na nyingine akinyonya. Anza kila video kwa kutaja tarehe na alichokuwa anafanya. Video tatu fupi za namna hii ni bora kuliko ishirini za uso.

Ukiitazama, kagua mahali patatu: kishimo kilicho chini ya koo juu ya kidari, nafasi kati ya mbavu, na mstari ulio chini ya mbavu pale tumbo linapoanzia. Ngozi ikivutwa kidogo akilia peke yake, andika tu. Ikivutwa ndani kwa kina hata akiwa ametulia au amelala, mpeleke.

Hatua ya 3: Hesabu pumzi kwa dakika nzima

Subiri awe amelala au ametulia, si baada ya kulia wala kunyonya. Weka saa pembeni, tazama tumbo, na kila likipanda hesabu moja. Hesabu sekunde zote 60. Kosa kubwa ni kuhesabu sekunde 15 halafu kuzidisha kwa nne. Mtoto mchanga hupumua haraka, kisha polepole, kisha anatua kidogo, kwa hiyo hesabu ya kukata inakudanganya.

Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kawaida. Kuanzia miezi 2 hadi 12, kiwango ni 50. Ukipata namba ya juu, subiri kidogo uhesabu tena. Ikirudi ile ile, aonwe siku hiyo hiyo, kwa sababu zoloto laini peke yake kwa kawaida haimfanyi mtoto aliyetulia ahemeheme. Huenda kuna maambukizi kifuani.

Andika namba za siku alizo mzima. Kujua kwamba kawaida yake ni 38 au 44 kutakusaidia sana siku ya mafua.

Hatua ya 4: Mfikishe kwa daktari wa masikio, pua na koo

Usiridhike na "ataacha mwenyewe" kabla mtu hajatazama. Ni kweli wengi huacha wenyewe, ila maneno hayo yana thamani yakishatanguliwa na uchunguzi. Daktari hupitisha kamera nyembamba laini puani mpaka juu ya zoloto, mtoto akiwa macho mapajani mwako, na kuangalia anavyovuta pumzi. Kuangalia kwenyewe ni jambo la dakika chache. Mtoto atalia, nawe utatamani kulia. Kilio hicho kinamsaidia daktari, kwa sababu akilia huvuta hewa kwa nguvu na ule ulaini unaonekana wazi. Uliza mapema kama asinyonye kwa muda kabla ya kipimo.

Nenda na daftari na video. Eleza kama alizaliwa njiti, kama ana tatizo la moyo, la misuli au la mfumo wa neva, au kama ana hali ya kuzaliwa nayo kama Down. Kwa watoto hawa zoloto laini huweza kuwa kali zaidi, na hufuatiliwa kwa karibu.

Uliza maswali haya matatu na usitoke bila majibu: Hali yake ni nyepesi, ya wastani au kali? Kuna tatizo jingine kwenye njia ya hewa? Nirudi lini, na nikiona nini nije kabla ya siku hiyo?

Hatua ya 5: Mnyonyeshe kwa vituo

Hapa ndipo penye kazi kubwa ya kila siku, na hapa ndipo mzazi anaweza kubadilisha mengi. Kunyonya ni kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu. Mtoto huyu zamu yake ya kupumua inamchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo maziwa yakija mfululizo atapaliwa, atakohoa, au ataachia titi na kulia.

Mkae mkao ulioinuka. Kichwa kiwe juu ya kifua, kifua juu ya nyonga, na shingo iwe imenyooka. Kidevu kikizama kifuani, njia ya hewa inazidi kubanwa. Kwa anayenyonya titi, jaribu kuegemea nyuma na kumweka mtoto juu yako, tumbo kwa tumbo, ili maziwa yapande kidogo badala ya kumwagika kooni. Kama maziwa yako hutoka kwa kasi mwanzoni, kamua kidogo kwanza. Kwa anayetumia chupa, chagua chuchu inayotoa polepole na uishike chupa ikiwa karibu kulala, si kusimama wima.

Kisha tazama uso. Nyusi zikikunjamana, macho yakitoka, vidole vikitanuka, maziwa yakichuruzika pembeni mwa mdomo, anaomba nafasi. Mwachishe kidogo, mkalishe, mwache apumue mara tano au sita, ndipo umrudishie. Mtoe gesi katikati, usingoje mwisho. Mimi nilihesabu mameza. Alipofikisha nane au kumi nilimpumzisha kabla hajaomba, na ndani ya wiki moja kupaliwa kulipungua sana.

Kiasi kidogo mara nyingi ni bora kuliko kingi mara chache. Kama kila mlo unapita dakika 30, anatoka jasho na analala kwa uchovu kabla ya kushiba, hilo si la kuzoea. Liandike na ulipeleke.

Usikoroge kitu kwenye maziwa ili yawe mazito kwa sababu umesikia inasaidia. Kwa baadhi ya watoto daktari huagiza hivyo, kwa kipimo na kwa umri, lakini si kila kinachoongeza uzito wa maziwa ni salama kwa mtoto mchanga, hasa njiti.

Hatua ya 6: Mshike wima baada ya kunyonya

Watoto wengi wenye zoloto laini hucheua pia. Asidi inayopanda kutoka tumboni huvimbisha zile nyama laini, zikivimba zinaziba zaidi, naye akivuta pumzi kwa nguvu anapandisha asidi zaidi. Mduara huo unaukata kwa jambo rahisi: mbebe wima begani dakika 20 hadi 30 baada ya kila mlo. Usimkalishe kwenye kiti kinachomkunja tumbo, maana kujikunja huko kunakamua tumbo na kurudisha maziwa juu.

Akijinyonga mgongo na kulia kila baada ya kunyonya, akikataa titi, au akikohoa usiku, mwambie daktari. Zipo dawa za kupunguza asidi, na ni yeye wa kuamua kama zinamfaa. Mtoto anayecheua kidogo, anacheka na kunenepa, kwa kawaida hahitaji dawa.

Hatua ya 7: Mlaze chali, hata kama chali kuna sauti zaidi

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo naieleza kwa urefu. Utagundua mapema kwamba ukimlaza kifudifudi mlio unapungua au unakwisha kabisa. Masikio yako yatakuambia kwamba huo ndio mkao wake. Hata mimi niliambiwa hivyo na mhudumu mmoja, kwa nia njema, na nilifanya hivyo usiku mbili kabla ya daktari kunizuia.

Kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga usingizini, na kuwa na zoloto laini hakumwondolei hatari hiyo. Kwa usingizi wa mchana na wa usiku, mlaze chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mto, bila mablanketi ya kujaajaa, bila midoli. Ubadilishe mkao huo pale tu daktari anayemfuatilia atakapokuagiza mkao mwingine kwa ajili ya mtoto wako.

Usiinue godoro kwa kuweka mto chini yake. Mtoto huteleza, anajikunja, kidevu kinazama kifuani, na hapo pumzi ndiyo inabanwa kweli. Kiti cha gari na bembea si mahali pa kulala kwa sababu hiyo hiyo. Akisinzia garini ni sawa mkiwa safarini, mkifika mtoe.

Kifudifudi kina nafasi yake: akiwa macho, mbele ya macho yako, mara kadhaa kwa siku. Kinaimarisha shingo na kifua, naye hupata muda wa kupumua kwa wepesi. Mwanangu alipenda kulala juu ya kifua changu hivyo, sote tukiwa macho. Nikisikia usingizi unaniita, nilimpa baba yake.

Hatua ya 8: Pima uzito na uuamini kuliko masikio yako

Mtoto anayepambana na pumzi anachoma nguvu nyingi huku anakula kidogo, na jambo hilo huonekana kwenye mizani mapema. Mpime bila nguo wala nepi, mizani ile ile, kila wiki kwa miezi ya mwanzo kama inawezekana, au kwa ratiba uliyopewa. Katika siku za mwanzo watoto hupungua kidogo, kisha hurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya takriban wiki 2. Baada ya hapo, katika miezi 3 ya mwanzo, ongezeko la kawaida ni gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani karibu gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Wiki moja mbaya si msiba. Wiki mbili mfululizo bila kupanda ni sababu ya kurudi kwa daktari, usingoje tarehe ya miadi.

Katikati ya vipimo, hesabu nepi. Baada ya siku 5 au 6 za maisha, nepi 6 au zaidi zilizolowa vizuri kwa saa 24 zinaonyesha maziwa yanaingia.

Hatua ya 9: Mlinde na moshi na mafua

Moshi wowote, wa sigara au wa moto, huvimbisha njia ya hewa ambayo tayari ni nyembamba. Sigara isivutwe ndani ya nyumba, hata chumba cha mbali. Anayemshika anawe mikono, na mwenye mafua amsalimie kwa mbali. Chanjo zake zote zifuate ratiba, kwa sababu zoloto laini si kikwazo cha chanjo, na maambukizi ya kifua kwake ni mzigo mzito kuliko kwa mwenzake.

Ikiwa daktari amezungumzia upasuaji

Watoto wachache, wale wenye hali kali, huhitaji kupasuliwa. Sababu huwa ni uzito usiopanda, kubadilika rangi, pumzi kusimama, au kifua kinachobonyea kila wakati. Kelele peke yake haitoshi. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa, daktari hupitia mdomoni na kupunguza zile nyama zinazoanguka, bila kukata shingo kwa nje. Hubaki hospitalini akiangaliwa, kwa kawaida usiku mmoja au zaidi. Usishtuke kama sauti haikuisha siku ile ile, kwani uvimbe wa jeraha huchukua muda. Kinachotakiwa kubadilika kwanza ni wepesi wa kupumua na kunyonya.

Ukikwama

*Sauti imezidi ghafla akiwa na miezi 4 au 5, wakati nilidhani anapona.* Kipindi hicho kwa kawaida huwa ndicho kilele. Rudia hatua ya 2 na ya 3. Kama kifua, pumzi na uzito viko sawa, endelea, na umjulishe daktari. Kama kimoja kimeharibika, nenda.

*Ana mafua na mlio umekuwa wa kutisha.* Safisha pua kwa matone ya maji ya chumvi kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, mpe maziwa kidogo kidogo, hesabu pumzi mara kadhaa kwa siku na ulinganishe na namba zake za kawaida. Dawa za kikohozi za dukani hazimfai mtoto mchanga.

*Amepewa dawa ya kuvuta ya pumu na haikusaidia.* Haishangazi. Dawa hiyo hulegeza misuli ya mirija iliyo ndani ya mapafu, na tatizo la mtoto huyu liko juu, kwenye zoloto. Viuavijasumu navyo haviondoi ulaini wa nyama. Rudi uombe atazamwe kwa kamera.

*Watu wananiambia ni kimeo.* Mlio huu hautoki kwenye kimeo, na kukigusa au kukikata hakuusaidii. Kidonda kooni kwa mtoto mwenye njia nyembamba ya hewa kinaweza kumuua.

*Analia sana mpaka mlio unakata.* Mnyanyue wima, shingo imenyooka, uso wake uelekee nje ili apate hewa, ongea naye kwa sauti ya chini. Kilio kinamvutisha hewa kwa nguvu na kuzidisha kuziba, kwa hiyo kumtuliza ni sehemu ya matibabu. Wala hutamdekeza.

*Ameanza kula akiwa na miezi 6 na anapaliwa.* Mkalishe wima kabisa, kijiko kidogo, chakula laini kisicho na mabonge, na usimpe kijiko cha pili kabla hajameza cha kwanza. Akikohoa kila mlo au akipata nimonia zaidi ya mara moja, uliza kuhusu kupimwa namna anavyomeza.

*Amefikisha miaka 2 na bado ana mlio.* Arudishwe kwa daktari wa masikio, pua na koo hata kama anacheza vizuri. Lakini kama ulishatoweka na unasikika tu akiwa na mafua au akikimbia sana, taja hilo katika miadi ijayo bila haraka.

*Anatakiwa kulazwa usingizi kwa upasuaji wa jambo jingine.* Mwambie daktari wa usingizi, kwa mdomo wako, kwamba mtoto ana au aliwahi kuwa na laringomalasia. Usidhani ameisoma kwenye faili. Mwandikie jina hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, pamoja na tarehe aliyotazamwa kwa kamera, ili hata bibi yake akimpeleka asipate shida kulitamka.